Juu ya Friji

Siku ya tano sasa, Pambazo hajala.
Namtilia tembe, anazitazama zikizama
kama mtu anayetazama barua za mdai
zikipenyezwa chini ya mlango.
Namning'inizia nyungunyungu kwa kibano cha nyusi.
Anaachama kinywa kile kipana, kilichozaliwa kikitabasamu,
anamvuta ndani, fyu,
kisha anamtema.
Nyungunyungu anajinyoosha majini, mzima,
kama aliyeachiwa kwa dhamana.

Aksoloti huyu si wangu. Ni wa Itzayana,
aliyepanda basi la Tijuana mwezi wa pili
na begi moja na blanketi la bibi yake,
akaniachia tangi, na karatasi ukutani:
Mama, mlishe kila baada ya siku mbili.
Usimguse. Usiongee naye sana.
Hakuandika nifanyeje akikataa.

Mimi nashona sare za shule, Iztapalapa, ghorofa ya tatu,
sketi mia mbili za marinda kabla ya Agosti kwisha.
Uzi ukikataa tundu la sindano najua dawa yake:
unaulowesha, unaukata ncha, unajaribu tena.
Mtoto akikataa supu, unamwacha,
njaa itamrudisha mezani.
Huyu hana njaa ya kumrudisha popote.
Ana macho yasiyo kope,
na matamvua yake mekundu, yale ya kando ya kichwa,
yaliyokuwa yakisimama kama pindo la shali ya sikukuu,
yamejikunja mbele, yamenywea:
shali iliyofuliwa kwa maji ya moto.

Nililiona hilo. Nililisema hata kwa sauti.
Sikulisikia.

Nikashuka kwa Hermilo, anayefuga minyoo kwenye ndoo ya mboji.
"Hao wadogo wekundu ni wachungu, Bi Eufrosina,
hata mimi ningewatema."
Akanipa mnene, wa rangi ya udongo.
Nikamkata vipande vitatu kwa mkasi wa kitambaa
(Mungu anisamehe, na mkasi unisamehe).
Vyote vitatu, nje.
Nikatoa changarawe kijiko kwa kijiko,
nikihofia amemeza jiwe akidhani ni mlo.
Nikambadilishia maji. Nikamwashia mshumaa Mtakatifu Yuda Tadei.
Nikaongea naye. Sana.

Usiku Itzayana akapiga simu.
"Pambazo anakula?"
"Anakula."
"Na wewe huko, unakula?"
"Nakula, Mama."
Tukanyamaza, kila mmoja na uongo wake kinywani,
hakuna anayemeza, hakuna anayetema.

Saa nane nikaamka kulifunika tangi.
Kiganja kikagusa bati la friji.
Moto.

Ni mimi niliyemhamishia pale, kupisha marobota ya sketi.
Nilijiambia: friji ni baridi, basi na juu yake ni baridi.
Nani angejua kwamba kitu kinachogandisha nyama
hutapikia joto lake lote kisogoni?
Kipimajoto kilikuwa droooni, bado kwenye nailoni yake.
Ishirini na sita.
Nikaibandua karatasi ukutani. Mstari wa mwisho
ulikuwa umefunikwa na kalenda ya duka la vifungo:
Maji, nyuzi kumi na saba. Yasizidi, Mama, tafadhali.

Nikamshusha kwa jagi, jagi baada ya jagi,
hadi sakafuni, kwenye saruji, karibu na bafu.
Chupa ya maji yaliyoganda nikaivalisha soksi,
nikaielekeza juu ya maji, asishtuke.
Sketi zikalala kitandani. Mimi kitini.

Siku ya nane. Kipande kimoja, kidogo.
Fyu.
Nikahesabu hadi sitini. Hakikutoka.
Nikahesabu tena, polepole, kama anayepima kitambaa cha watu.

Nikakaanga yai, nikalila nimekaa.
Kisha nikampigia Itzayana, nikamweleza yote,
hata habari ya mkasi.
Nikanyamaza
nikimpisha.